Farasi si ng'ombe: Shemeji alimpulizia dawa ya kupe, sasa anataka arudi kazini Jumapili

Daktari,

Salamu kutoka Dagoretti. Nimesoma majibu yako kuhusu mbwa, mbuzi na kuku kwa muda mrefu na sijaona mtu akiuliza habari za farasi. Mimi ninaye mmoja. Walikuwa wawili.

Mjomba wangu alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye mazizi ya Karen kwa zaidi ya miaka 30. Alipostaafu na kurudi Murang'a, mwajiri wake alimpa farasi wawili waliokwisha kustaafu mbio za Ngong, naye akaniachia mimi kwa sababu kule kwao ni mlima mtupu. Nilikuwa mtu wa boda boda. Niliuza pikipiki, mume wa dadangu akaongeza nusu, tukajenga zizi nyuma ya boma lake la ng'ombe wa maziwa. Tangu hapo wikendi na sikukuu tunapandisha watoto, na mara moja moja tunaitwa kwenye harusi. Mjomba alituachia maagizo mengi: chanjo kila mwaka, meno kila mwaka, kwato kila wiki sita. Kwato tulizishika. Mengine tuliona ni mambo ya Wazungu wenye pesa.

Mwaka jana Desemba, mvua ikiwa imekatika, tulimpoteza Duma, yule dume. Jioni alikula vizuri. Asubuhi tulimkuta ametanua miguu ya mbele, shingo ameinyoosha, anapumua kama mivukuto. Kufikia saa sita povu jeupe lilikuwa linamwagika puani, povu la kujaza ndoo, na saa nane hivi alianguka akafa. Siku mbili kabla, jirani yetu alikuwa amelalamika juu ya nzi na harufu, akasema "mtaona". Shemeji akaamua kwamba ni sumu. Hatujasalimiana na jirani huyo tangu siku hiyo, na watoto wetu walikuwa marafiki.

Sasa ni zamu ya Tausi, jike, ana miaka 17. Masika yalipoanza kupe walimjaa masikioni na chini ya mkia. Siku 12 zilizopita shemeji alikuwa anaosha ng'ombe, akageuza pampu akamwosha naye na dawa ileile. Siku ya pili Tausi aliacha kula. Akawa anaangalia ubavu wake, anaparapara chini kwa kwato, analala na kuamka, jasho linamtoka. Hakutoa kinyesi hata tone. Shemeji alisema ni gesi, tukamnywesha mafuta ya kupikia na magadi kwa chupa ya soda kama ng'ombe aliyevimba tumbo. Alikohoa sana. Kuna jamaa anayetibu ng'ombe mtaani, kila mtu humwita daktari. Alikuja akamdunga sindano shingoni. Ilipofika saa nne usiku nilimpigia mjomba, naye akanipa nambari ya daktari wa farasi. Yule mama alikuja usiku huohuo. Alimpima moyo, akaingiza mkono nyuma, akapitisha mpira puani mpaka tumboni na kumimina maji na mafuta yake. Kisha akauliza swali moja tu: "Mmempaka nini?" Nilipomwonyesha chupa alitikisa kichwa. Alirudi asubuhi na jioni. Siku ya tatu Tausi alitoa kinyesi, nami nililia kama mtoto. Bili ilikuwa shilingi 22,000.

Sasa anakula, lakini mbavu zinahesabika, anakohoa, na pale alipodungwa pamebaki donge kama ngumi. Shemeji anasema yule daktari alikula pesa zetu, kwamba dawa haina kosa kwa sababu ng'ombe huoshwa nayo kila wiki. Anamnonesha kwa kumchanganyia chakula cha ng'ombe, mabaki ya chakula cha kuku, na mahindi ambayo rafiki yake wa posho mill humpa bure kwa sababu yameota ukungu. Na amekwisha kupokea arubuni ya 6,000 kwa sherehe ya mtoto Jumapili hii. Shule zimefungwa, anasema, tukikosa mwezi huu tutakula nini?

Je, ni dawa kweli ilimwangusha? Anaweza kufanya kazi Jumapili? Na nitamwambiaje shemeji, mtu ambaye nusu ya farasi ni yake na zizi liko kwake?

Mpandisha Watoto, Dagoretti

JIBU

Ndugu yangu, kabla hujaendelea kusoma, nenda zizini uondoe ile ndoo ya chakula. Mengine yatangoja.

Chakula cha kuku, na baadhi ya vyakula vya ng'ombe, huchanganywa na dawa iitwayo monensini au ndugu zake. Kwa kuku ni kinga ya ule ugonjwa wa kuharisha damu. Kwa ng'ombe humsaidia kupata nguvu zaidi kutoka kwenye malisho. Kwa farasi ni sumu inayoshambulia misuli, na msuli unaoumia zaidi ni moyo. Miligramu 2 au 3 kwa kila kilo ya uzito zinatosha kumwua. Ng'ombe huhitaji mara 10 ya hapo au zaidi ndipo aanguke. Haina dawa ya kuibatilisha. Tena hata farasi akiponea, moyo unaweza kubaki na makovu, ukamsaliti miezi baadaye akiwa kazini, na huyu wenu akiwa kazini huwa na mtoto wa mtu mgongoni. Sisemi gunia la shemeji yako lina monensini. Nasema hujui kama linayo, na wakati mwingine hata kiwanda hakijui, kwa sababu mashine iliyochanganya chakula cha ng'ombe mchana ilikuwa na cha kuku asubuhi.

Hayo mahindi nayo yatupe, usimpe mtu mwingine amlishe mnyama wake. Wakenya tunaijua aflatoksini; mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 upande wa Ukambani. Lakini kwenye mahindi yenye ukungu kuna sumu nyingine, fumonisini, ambayo farasi na punda huathirika nayo kuliko karibu mnyama yeyote wa nyumbani. Huozesha sehemu nyeupe ya ubongo. Farasi huanza kuzunguka duara, anagongana na ukuta kama kipofu, anabana kichwa kwenye kona, na kwa kawaida siku chache baadaye hayuko. Ukiona lolote kati ya hayo wiki hizi, piga simu papo hapo na utaje mahindi kabla ya kutaja kitu kingine.

Kile kikohozi kinanisumbua kuliko mbavu. Farasi akinyweshwa mafuta kwa chupa, kichwa kikiwa juu, ni rahisi sana mafuta kushika njia ya mapafu, na mapafu hayana namna ya kuyatoa. Ndiyo maana daktari wenu alipitisha mpira puani: alitaka awe na hakika kwamba mafuta yanaingia tumboni. Mlichofanya kwa chupa na alichofanya kwa mpira mnaweza kukiona ni kitu kimoja, kwa kuwa yote ni mafuta. Kwa Tausi ni tofauti kati ya dawa na nimonia.

Nunua kipimajoto cha dijitali kwenye duka la dawa, hiki cha binadamu. Kifunge uzi ili kisipotelee ndani, kipake mafuta ya kujipaka, simama ubavuni mwake, kamwe usisimame nyuma, kisha kiingize chini ya mkia kikilalia ukuta wa utumbo. Farasi aliyetulia anapaswa kuwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Kisha simama kando umtazame ubavu unavyopanda na kushuka: pumzi 8 mpaka 16 kwa dakika. Mapigo ya moyo utayapata kwenye mshipa unaopita chini ya mfupa wa taya. Yawe 28 mpaka 44. Mwisho inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole na uachie. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Mjomba wako anaweza kukufundisha yote haya kwa simu, pengine aliyafanya kila asubuhi kwa hiyo miaka 30. Joto likizidi 38.5, au pumzi zikizidi 20 hali amesimama tu, au ukaona uchafu wa kijani au wenye harufu puani, usingoje Jumatatu.

Lile donge nalo lionyeshe daktari. Sijui yule jamaa alidunga nini, wala wewe hujui, na hilo ndilo tatizo langu naye. Dawa ya maumivu inayotumika sana kwa farasi mwenye koliki, yaani maumivu ya tumbo, ni fluniksini, nayo huingizwa kwenye mshipa wa damu. Ikidungwa kwenye nyama ya shingo inaweza kufungua njia kwa bakteria wanaopenda mahali pasipo na hewa, nyama ikaoza kutoka ndani. Donge lililo gumu, la baridi, lisilokua, huenda likaisha lenyewe. Likiwa la moto, linakua, au ukilibonyeza unasikia mchakato kama wa karatasi chini ya ngozi, hiyo ni dharura ya usiku huohuo. Siku nyingine mtu akija na sindano, mwulize nambari yake ya usajili. Tangu sheria ya mwaka 2011, daktari wa mifugo na hata msaidizi wake lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Aliyesajiliwa hakasiriki akiulizwa.

Sasa tuje kwenye dawa ya kupe.

Chukua ile chupa usome maandishi madogo, mahali panapotaja kiungo chenyewe. Nina shaka kubwa kwamba utakuta neno amitraz. Ni dawa nzuri ya kupe, ng'ombe wengi nchini huoshwa nayo, na shemeji yako hasemi uongo anaposema wake hawajawahi kudhurika. Lakini amitraz hupunguza mwendo wa matumbo, na farasi ndiye anayeumia zaidi. Siku moja au mbili baada ya kuoshwa utumbo mpana unalala. Chakula kinasimama, maji yanaendelea kufyonzwa, kinachobaki kinakauka na kuwa kizibo. Hadithi uliyoniandikia, kuanzia pampu hadi siku ya pili hadi kukosa kinyesi, ningeweza kuitumia darasani bila kubadilisha neno.

Mkulima aliyekua na ng'ombe hana sababu ya kujua jambo hili, kwa hiyo simlaumu. Ng'ombe ana tumbo kuu la kuchachushia malisho hukohuko mbele, pipa la lita 100 na zaidi, na gesi ikijaa anacheua. Farasi ana tumbo dogo, lita 8 hadi 15 hivi, na kazi yote ya kuchachusha majani inafanyika nyuma, kwenye utumbo mpana uliokunjwa mara mbili ndani ya mwili. Mahali fulani utumbo huo mnene unapiga kona kali na papo hapo kuwa mwembamba. Hapo ndipo kizibo hukaa. Farasi hawezi kutapika, hana njia ya kurudisha kitu kilichokwisha kushuka. Kwa hiyo mafuta na magadi ya ng'ombe aliyevimba hayamfai, na kila saa mnayotumia kujaribu ni saa ambayo utumbo unazidi kutanuka na kuuma. Walionieleza kwamba "tuliona tumpe muda kidogo" ni wengi. Waliofika nikiwa bado na la kufanya ni wachache.

Yale uliyoyaona, kuangalia ubavu, kuparapara, kulala na kuamka, jasho bila kazi, ndiyo koliki yenyewe. Koliki ni jina la maumivu; magonjwa yanayoyaleta ni mengi. Inaweza kuwa kizibo, gesi, mchanga uliolambwa chini, minyoo, au utumbo uliojisokota ambao hauponi bila upasuaji. Wewe huwezi kutofautisha ukiwa zizini na tochi, na mimi pia siwezi bila kumgusa. Unachoweza ni kuondoa chakula chote, kumwachia maji, kumtembeza polepole akitulia, kupima moyo na kupiga simu. Moyo ukifika 60 na haushuki, mwambie daktari nambari hiyo kwanza, ataendesha gari tofauti.

Yule mama aliyekuja usiku uleule, akarudi asubuhi na jioni, kwa shilingi 22,000, hakula pesa zenu. Nasema hivyo nikiwa mtu wa kazi hiyohiyo, kwa hiyo ukipenda nipunguzie nusu ya maneno.

Kwa kupe waliobaki: wa masikioni na chini ya mkia ng'oa kwa mkono, ukivaa glavu. Zipo dawa za kupe ambazo kibandiko chake kinataja farasi waziwazi, nyingi za jamii ya pirethroidi. Mwulize daktari wako ipi na kipimo gani, usimwulize mwenye agroveti. Pampu ya ng'ombe isiingie tena zizini hata ikiwa imeoshwa. Lakini usiwaache kupe pia, maana kupe humpa farasi ugonjwa wa damu unaomletea homa, fizi za manjano na mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Farasi aliyekonda kama Tausi ningempima damu kwa ajili hiyo, daktari akija kusikiliza mapafu.

Kunona kutakuja kwa nyasi. Farasi wa kilo 450 anahitaji kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku, zilizogawanywa mara nyingi. Boma Rhodes safi, isiyo na vumbi, robota ukilifungua likunukie vizuri. Kwa sasa ziloweshe maji kabla ya kumpa, kwa ajili ya kikohozi na kwa ajili ya utumbo. Majani mabichi ya nyasi ya Kikuyu hayana shida yakiwa kidogo, lakini yakiwa ndiyo chakula chote, juu yake pumba za ngano, farasi hukosa kalsiamu hadi mifupa ya uso inavimba. Lusini kidogo husaidia. Na maji: lita 25 kwa siku ya baridi, 50 kwa siku ya jua na kazi. Najua Dagoretti mifereji inakuja kwa ratiba. Hesabu mitungi yako ya lita 20. Mitatu ya Tausi iwe imejaa kila jioni, kabla ya ya kufulia. Pia mfungue mdomo. Meno ya farasi huendelea kuchomoza milimita 2 au 3 kwa mwaka, yakisagana vibaya yanakuwa na makali yanayokata mashavu. Ukiona anadondosha vidonge vya nyasi vilivyotafunwa nusu, hizo mbavu hazikusababishwa na dawa ya kupe peke yake. Mjomba aliposema meno kila mwaka hakuwa anaiga Wazungu.

Jumapili haendi. Mnyama aliyekonda, mwenye kikohozi ambacho hakijapimwa, siku chache tu tangu utumbo ufunguke, hapandwi hata na mtoto wa miaka minne. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura 360, inamhesabia kosa mwenye kumtumikisha mnyama asiyefaa kazi, na shemeji yako ajue hivyo kabla wazazi fulani hawajachukua video. Lakini sitaki umtishe kwa sheria. Mrudishieni mwenye sherehe 6,000 zake leo, siyo Jumamosi, mwambieni ukweli kwamba farasi ni mgonjwa. Mzazi aliyeambiwa mapema hutafuta kitu kingine na mwakani anakupigia tena. Tausi arudi kazini siku daktari atakaposikiliza mapafu na kusema ndiyo, kisha aanze kwa kutembezwa mtupu wiki moja.

Nimeliacha la Duma mpaka sasa kwa sababu ni gumu. Katika barua yako halimo hata kwenye maswali matatu ya mwisho, na nadhani ndilo lililokufanya uandike.

Sikumwona, na farasi aliyezikwa bila kupasuliwa hubaki na siri zake. Ila farasi aliyekula vizuri jioni, akaamka ametanua miguu na kunyoosha shingo akitafuta hewa, akamwaga povu puani ndoo nzima na kufa siku hiyohiyo, mwishoni mwa msimu wa mvua, katika zizi lisilo na chanjo, mimi namweka kwenye ugonjwa mmoja kabla ya mwingine wowote: tauni ya farasi wa Afrika. Ni virusi, wana aina 9, na hubebwa na usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, wanaouma kuanzia jua linapozama hadi alfajiri na wanaozaana kwenye matope ya mvua. Ugonjwa huu ukiingia mapafuni huwaua hata 95 kati ya 100. Mapafu hujaa maji, na hilo povu ni maji hayo yaliyochanganyika na pumzi yake mwenyewe. Sumu nyingi huleta mate mdomoni, kutetemeka, kuharisha. Povu la puani la namna hiyo ni kitu kingine.

Punda milia hubeba virusi hivyo bila kuugua, na ninyi mko umbali mdogo tu kutoka mbuga ya Nairobi. Mwaka 2020 ugonjwa huu uliingia Thailand, mahali ambapo haukuwa umejulikana, ukaua farasi zaidi ya 500 katika miezi michache. Kwetu haujawahi kuondoka. Kwa nini Tausi alinusurika na Duma akafa? Ana miaka 17, na kama kule Karen walikuwa wakimchanja kila mwaka kama mjomba asemavyo, huenda bado ana kinga ya zamani. Duma huenda alichanjwa mara chache zaidi. Mwulize mjomba.

Chanjo ipo. Ina virusi hai waliodhoofishwa, kwa hiyo haipewi farasi mgonjwa, na ni vizuri itolewe kiangazi, usubi wakiwa wachache. Tausi akipona, panga na daktari. Kwa sasa kinga yenu ni saa: awe ndani ya zizi kabla ya jua kuzama, atoke jua likishachomoza, madirisha yawekwe wavu wa matundu madogo sana, wa mbu wa kawaida ukunjwe mara mbili, na samadi na madimbwi viondolewe. Hata nzi wa jirani watapungua.

Na ikitokea tena, Mungu aepushie mbali, usizike kabla ya kuuliza. Ugonjwa huu ni wa kuripotiwa kwa ofisi ya mifugo ya kaunti, na chuo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko palepale Kabete, jirani yenu kabisa. Wakimpasua mnyama, mnapata jibu badala ya mtuhumiwa.

Jirani alisema "mtaona" akiwa na hasira ya nzi. Nani kati yetu wa Nairobi hajamwambia jirani "utaona"? Singesubiri ushahidi zaidi. Ningepita kwake jioni moja bila shemeji, nikamwambia kwamba tulimdhania vibaya. Watoto watajipanga wenyewe.

Shemeji je? Usimwambie kwamba alikosea mbele ya dada yako, wala usimsomee barua hii kwa sauti. Ana nusu ya farasi na zizi lote, na zaidi ya hapo anaona aibu. Anayesema dawa haina kosa siku chache tu baada ya kuona mnyama akigaagaa anajitetea mwenyewe kuliko anavyoitetea dawa. Mwalike mjomba ashuke kutoka Murang'a siku moja. Mzee akisimama zizini akasema "hii ni ya ng'ombe, hii ni ya farasi", shemeji atasikia kwa mzee yale asiyoweza kuyasikia kwa shemeji mdogo aliyekuwa boda boda jana. Kabla mzee hajaja, andika kwenye daftari 22,000 za daktari, wikendi mlizokosa, na bei ya Duma kama mngemnunua leo. Kando yake andika bei ya chanjo moja ambayo daktari atakutajia. Liache daftari mezani. Mfanyabiashara wa maziwa anajua kusoma hesabu.

Kama pesa za daktari zimekwama kabisa, piga simu KSPCA, lile shirika la kutetea wanyama, kule Karen. Wanajua farasi na punda, na hawatakucheka.

Kwa usiku wa leo nataka vitu viwili kutoka kwako: joto lake, na idadi ya mara anazotoa kinyesi kuanzia sasa mpaka kesho saa hii. Farasi mzima hutoa kati ya mara 8 na 12 kwa siku, mabonge laini yanayopasuka yakigonga chini. Akipungua chini ya 5, au mabonge yakiwa madogo, makavu, yenye ute, mpigie yule mama hata kama ni saa nane za usiku.